Ngoma Ivumayo Imedumu

Wako walimu wenzetu ambao, mwanafunzi akiandika insha juu ya muziki wa roki, huikata kwa kalamu nyekundu kabla ya kuisoma. Hoja yao ni methali: ngoma ivumayo haidumu. Methali ni mali yetu sote, lakini haikuwekwa ili ituzibe masikio. Naipinga hukumu hiyo, na shahidi wangu ni santuri yenye kishindo kikubwa: Back in Black ya bendi ya AC/DC ya Australia.

Tarehe 19 Februari 1980 mwimbaji wa bendi hiyo, Bon Scott, alifariki mjini London baada ya usiku wa ulevi. Alikuwa na umri wa miaka 33. Ndugu wawili wapiga magitaa, Malcolm na Angus Young, walikuwa na kila sababu ya kuivunja bendi. Badala yake walimchukua Brian Johnson, mtu wa kaskazini mwa Uingereza aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza paa za magari, wakaenda naye Nassau, katika visiwa vya Bahama. Huko, kati ya Aprili na Mei, nyimbo zikarekodiwa. Ilipofika tarehe 25 Julai santuri ilikuwa imetolewa.

Jalada lake ni jeusi, kwa kuwa bendi ilitaka rangi ya msiba. Wimbo wa kwanza unafunguliwa kwa kengele inayolia polepole. Walijaribu kwanza kurekodi kengele ya mnara mmoja mjini Loughborough, lakini mabawa ya ndege yakasikika pamoja nayo. Basi wakaenda kiwandani, wakairekodi kengele iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili yao, yenye uzito wa karibu tani moja. Je, hiyo ndiyo kazi ya wapiga kelele?

Aliyesimamia kurekodi ni Robert John Lange, mzaliwa wa Mufulira, katika eneo la machimbo ya shaba la Zambia ya leo. Asikilizaye kwa makini atatambua mpango wa kazi yao: gitaa hupiga, kisha hunyamaza, ngoma hushika mwendo mmoja bila madaha, kila pengo limeachwa kwa makusudi. Sisi tunaofundisha mizani twajua thamani ya kituo. Kishindo kile kimejengwa juu ya ukimya.

Sitetei kila neno lililomo. Baadhi ya nyimbo zinawadhalilisha wanawake, na mna wimbo unaoualika ulevi, miezi michache tu baada ya ulevi kumwua mwenzao. Hayo ndiyo mambo ya kuhojiwa darasani. Lakini kijana atayahoji vipi ikiwa tumemkataza kuyataja? Atayasikiliza vivyo hivyo, ila atayafikiri kwa lugha nyingine. Na katika nchi hizi zetu, ambako Kiswahili bado kinagombea nafasi shuleni, kitabaki kuwa lugha ya kuulizia nauli na bei ya nyanya.

Ama kuhusu kudumu, mwaka 2019, miaka 39 tangu itolewe, chama cha makampuni ya santuri cha Marekani kiliithibitisha kuwa imefikia kipimo cha nakala milioni 25 nchini humo peke yake. Wingi wa mauzo si ushahidi wa ubora. Unathibitisha tu kwamba ngoma haijapasuka. Ubora unahitaji hoja, na kujenga hoja ndiyo kazi ya insha.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tumwache mwanafunzi aandike. Tumdai sababu, tumdai ushahidi, tumdai msamiati sahihi wa gitaa, kengele na kinasa sauti. Akishindwa, kalamu nyekundu ipo.