Kusema «hapana» mbele ya maji si uoga

Wandugu, wanainchi wa Kisangani na ninyi wote wenye munaishi kando ya mto,

Sisi ni vijana wenye diploma bila kazi. Wengine tulisoma sheria, wengine uchumi, mmoja wetu kilimo. Tulipochoka kungojea, tulianzisha kazi ndogo: kupitisha wageni kwa mitumbwi midogo ya plastiki katika maji ya mbio yenye yako pembeni ya maporomoko ya Wagenya. Leo tunaandika juu tunaona vijana wengine wanaanza kazi kama yetu, na hakuna mtu mwenye anawaambia jambo lenye sisi tulilijifunza vibaya.

Jambo lenyewe ni hili: kwenye maji ya mbio, mtu mmoja akisema «hapana», wote wasimame. Hata kama mgeni amekwisha kulipa. Hata kama watu wanacheka.

Maji yenye tunapita si yale makubwa ya katikati. Watu wa mchezo huu wanapima mito kwa daraja sita. Ya kwanza ni maji yanayotembea polepole, ya sita ni yale ambayo hata mafundi karibu wote wanayakataa. Sisi tunapita daraja ya tatu: mawimbi yasiyo na mpango, mawe ya kukwepa, njia nyembamba. Mtu mwenye amejifunza anaweza kupita. Na hatari iko hapo hapo, maana ukipita mara kumi unaanza kufikiri kwamba mto unakujua.

Haukujui. Daraja ni ya maji ya siku ile, si ya jina la mahali. Mvua ikinyesha kule juu, mto unapanda. Maji ya daraja ya tatu ya Jumamosi iliyopita yanaweza kuwa ya nne leo, na jiwe lenye mulizoea kupumzika nyuma yake limefunikwa. Na kama uko ndani ya mtumbwi wa mti, wenye uko wazi juu, hata wimbi la daraja ya tatu linaweza kuujaza mara moja.

Siku moja mto ulikuwa umepanda namna hiyo. Muzee mmoja mvuvi alitazama maji, akatutazama sisi, akasema: «Leo hapana, wanangu. Ngojeni yashuke.» Lakini mgeni alikuwa amekwisha kulipa, na kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kupanga pesa yake ndani ya kichwa. Mtu mmoja pale ukingoni akacheka: «Munapeleka wageni kwenye maji, na ninyi wenyewe munayaogopa?» Basi, ikatosha. Mwenzetu mmoja akaingia peke yake, eti atuonyeshe kama njia iko.

Mtumbwi ulipinduka kwenye wimbi la pili. Alikuwa na jile, akaelea vizuri. Kisha akafanya kosa lenye karibu kila mtu angelifanya: alipoona maji yanamfika kifuani tu, akajaribu kusimama. Mguu ukaingia kati ya mawe mawili. Maji yakamsukuma mgongoni, akainama mbele, na kichwa kikaanza kuzama. Sisi tulibaki kupiga kelele tu.

Watoto wa yule muzee ndio walimwokoa. Walinyosha kamba yao kutoka jiwe moja mpaka jiwe lingine, wakaipitisha mbele ya kifua chake. Akaiegemea, kichwa kikabaki juu, mpaka mguu ukatolewa. Mwenzetu yuko hai. Mpaka leo anachechemea.

Tulipokaa kuzungumza jambo hili, tukakumbuka kwamba si sisi wa kwanza. Kiswahili chetu cha hapa watu wanakiita Kingwana. Jina hilo linatoka kwa Wangwana, watu wa Zanzibar na pwani wenye walifika huku na misafara ya karne ya 19. Mmoja wao aliitwa Uledi, fundi wa mitumbwi katika msafara wa Stanley. Mnamo Januari 1877 msafara ule ulikuta maporomoko saba, kutoka upande wa Ubundu mpaka hapa kwetu. Walikata njia msituni na kuvuta mitumbwi yao kwenye inchi kavu. Ilikuwa kazi ya taabu sana, lakini walipita.

Miezi michache kisha, tarehe 3 Juni 1877, walikuwa mbali kule chini ya mto, kwenye maporomoko ya Massassa. Mwingereza Frank Pocock alikuwa na vidonda miguuni, hakuweza kutembea, akataka kupita majini. Stanley aliandika kwamba Uledi alikwenda kuangalia maji, akarudi kusema haiwezekani. Pocock akawaambia kama wanaogopa. Wakaingia. Pocock alikufa majini, na si yeye peke yake.

Muangalie vizuri: Uledi alijua. Alikuwa ameona kwa macho yake, na kazi ya maji ilikuwa yake. Hakushindwa na ujinga, alishindwa na aibu ya kuitwa mwoga. Na sisi, karibu miaka 150 kisha, tukiwa na diploma zetu, tulianguka kwa neno lile lile.

Hata reli ya Kisangani–Ubundu, kilomita 125, iko pale juu ya sababu hiyo moja. Wenye kuijenga walikubali kwamba meli haziwezi kupita maporomoko yale, wakazunguka. Hakuna mtu mwenye anaiita reli ya waoga.

Tangu siku ile sisi tunafuata mambo haya, na tunayatoa kwa kila kijana mwenye anataka kufanya kazi hii:

1. Miguu kwanza, kisha kafi. Tunatembea juu ya mawe mpaka kuona njia yote: wapi kuingia, wapi kupumzika nyuma ya jiwe, wapi kutoka. Mahali penye hatuwezi kuona, hatuingii. Tunabeba mtumbwi kwa mabega.

2. Jile imefungwa mpaka juu, na kofia ngumu kichwani. Bidoni tupu si jile. Mkono unachoka, bidoni inakwenda zake, na wewe unabaki.

3. Hakuna kwenda peke yako. Mitumbwi mitatu: mwenye kujua njia mbele, mwenye kujua kuokoa nyuma. Mwingine anasimama kule chini na kamba ya mita 15 mpaka 20 kabla mtu wa kwanza hajaingia. Kamba hiyo usiifunge mwilini wala kuizungusha mkononi.

4. Ukianguka, lala chali. Miguu juu, ielekee kule maji yanakwenda, kisha ogelea upande wa maji yenye yametulia. Usijaribu kusimama maadamu maji yanakimbia na yanapita goti lako.

5. Kaa mbali na mitego ya Wagenya, na pia na miti yenye imeangukia majini. Vikapu vile vikubwa vimewekwa penye nguvu ya maji ili vishike kile mto unaleta. Maji yanapita, samaki anabaki. Mtu naye anaweza kubaki vile vile. Tena, mitego ile ni chakula cha watoto wa wenyewe.

6. Sauti haisikiki kwenye maji ya mbio. Kafi likisimama juu, njoo. Kafi likilazwa, simama pale uko. Filimbi mara tatu, mtu yuko katika hatari.

7. Hakuna pombe mbele ya safari, na hakuna kuanza jioni. Hapa kwetu giza linaingia upesi, karibu saa kumi na mbili, mwaka wote.

Tunajua wengine watatuambia: «Njaa haingojei maji kushuka.» Ni kweli, na sisi tunaijua njaa hiyo. Ile siku tulirudisha pesa ya mgeni, na tulilala vibaya. Ndiyo maana tumefanya likelemba yetu: kila siku ya kazi, sehemu ya pesa inabaki kwenye sanduku, na siku ya «hapana» inatoka kule. Bila sanduku lile, sheria zetu zote saba ni maneno tu. Mtu mwenye hana kitu nyumbani hawezi kuwa huru kukataa.

Kwa hiyo tunasema:

Kwa wenye mamlaka ya mji na ya jimbo: jile iwe lazima kwa kila mtu mwenye anapanda mtumbwi au boti, awe mgeni, mama wa soko au mwanafunzi. Mbele ya kufikiria kodi ya kazi yetu hii, mutusaidie kupata jile na kamba, na mutume watu wa kutufundisha kuokoa.

Kwa wageni: mukiambiwa leo haiwezekani, musiongeze bei. Pesa yenye munaongeza pale ndiyo inazamisha watu.

Kwa wazee wetu Wagenya: tunawaomba musamaha. Maji haya munayajua kuliko sisi wote. Tunataka mutufundishe, na mafundisho yenu yalipwe kama kazi nyingine yoyote. Tumeanza na yule muzee: sasa ndiye mwenye anaangalia mto asubuhi, na sehemu yake inatoka mbele ya yetu.

Kwa vijana wenzetu: siku yenye mmoja wenu atasema «hapana», musimuulize kama anaogopa. Mumusaidie kubeba mtumbwi.