Rangi ya Ukuta wa Darasa: Nyeupe au Kijani?

Darasa linapopakwa rangi, hoja inayotangulia mara nyingi ni ya uchafu. Husemwa kwamba rangi nyeupe huonyesha kila alama ya kiganja, ilhali kijani iliyokoza huificha. Basi kijani huchaguliwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini huisahau kazi kubwa zaidi ya ukuta wa darasa, nayo ni kugawa nuru.

Katika darasa lisilo na umeme, nuru ya kusomea hutoka madirishani. Mtoto aketiye karibu na dirisha huipata moja kwa moja. Aliye mbali hutegemea kwa sehemu kubwa nuru inayorudishwa na kuta na dari. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha sehemu 80 hivi katika kila sehemu 100 za nuru inayoiangukia. Kijani iliyokoza sana hurudisha sehemu 10 hivi. Zilizobaki hufyonzwa na kugeuka joto. Nuru ikigonga kuta mbili nyeupe, husalia sehemu 64. Ikigonga kuta mbili za kijani hiyo, husalia sehemu 1 tu. Dirisha ni lile lile, jua ni lile lile, lakini mtoto mmoja husoma na mwingine hukaza macho.

Wala weupe hauhitaji gharama kubwa. Chokaa, ambayo mafundi wa pwani wameichoma kutokana na matumbawe kwa karne nyingi, hutoa weupe wa kutosha. Kasoro yake ni kwamba huambukiza nguo za wanaoegemea ukuta.

Kwa hiyo lililo bora ni kuzipa rangi zote mbili mahali pake. Kijani, au rangi nyingine ya mafuta iliyokoza, ipakwe kutoka sakafuni hadi kimo cha mita 1 hivi, panapoguswa na mikono na madawati. Juu ya hapo, pamoja na dari, pawe peupe.

Kamati ya shule yenye shaka na ifanye jaribio jepesi kabla ya kununua rangi. Wajumbe wake waketi katika dawati lililo mbali kabisa na dirisha, siku ya mawingu, wafungue kitabu cha darasa la kwanza na kujaribu kukisoma.