Manufaa kwa Nani? Dewey na Maana ya Sayansi

Wako wahakiki ambao wakilisikia jina la John Dewey (1859–1952) humwona mfanyabiashara wa Kimarekani aliyevishwa joho la falsafa. Kwao, upragmatisti ni imani kwamba lenye kuleta faida ndilo la kweli. Shutuma hii ni kongwe: Bertrand Russell aliihusisha falsafa hiyo na hulka ya kibiashara ya Marekani, na Dewey akamjibu mwaka 1922. La kusikitisha ni kwamba shutuma ingali inakaririwa ilhali jibu limesahauliwa.

Katika The Quest for Certainty (1929), kitabu kilichotokana na mihadhara yake ya Edinburgh, Dewey anausaili mgawanyo uliorithiwa kwa Wayunani: kujua ni shughuli ya muungwana, kutenda ni ya mtumwa. Ndipo ujuzi ukafananishwa na kutazama, kana kwamba mjuzi ni mtu aliyeketi kando ya uwanja. Sayansi ya majaribio iliuvunja mgawanyo huo. Mwanasayansi hujua kwa kukigusa kitu, kukibadilisha na kupima kinachofuata. Nadharia tete kwake ni chombo, mithili ya jembe, na jembe halisifiwi kabla ya kulima. Katika shule aliyoianzisha Chicago mwaka 1896, watoto walipika, wakafuma na kuchonga mbao, na katika kazi hizo hizo wakajifunza sayansi na historia.

Basi manufaa hayo ni ya nani? Hapa ndipo wapinzani wake wanapoteleza. Katika Liberalism and Social Action (1935) Dewey anashikilia kwamba sayansi ni zao la ushirikiano wa wanadamu, lakini matunda yake yametwaliwa na wachache. Hiyo si lugha ya mwenye duka. (Kwamba aliutegemea mno mjadala na elimu kuwa dawa ya unyang'anyi huo, nakubali.)

Nasi walimu wa fasihi? Tunapitisha tasnifu ambazo mihimili ya nadharia huorodheshwa katika sura ya kwanza, riwaya ikakatwakatwa ili itoshee, kisha sura ya mwisho ikatangaza kwamba nadharia imefaa. Nimesahihisha nyingi, sikumbuki hata moja ambamo nadharia ilishindwa. Huku ni kuketi kando ya uwanja, na tunakuita utafiti wa kisayansi. Ningependa kumpa alama za juu mwanafunzi atakayethubutu kuandika kwamba nadharia aliyoichagua iligota katika sura ya tatu, akaonyesha kilichoigotesha, na akairekebisha.