Deni la Ah Jong
Katika filamu nyingi za mapigano, majuto ya muuaji wa kukodiwa huishia usoni: anakunja ndita, anavuta sigara, kisha anaendelea kuua. John Woo hakuridhika na hilo katika The Killer, filamu ya Hong Kong ya mwaka 1989. Ah Jong, anayeigizwa na Chow Yun-fat, anafyatua bastola karibu mno na uso wa Jennie, mwimbaji wa klabu asiye na hatia, na mwako wake unamharibu macho. Ili apate fedha za kumtibu, anakubali kuua tena. Yaani deni la damu linalipwa kwa damu ya mwingine! Watazamaji husifu bastola mbili mkononi na njiwa weupe kanisani, na kweli vinapendeza, lakini urembo huo haumwokoi Ah Jong. Aliagiza kwamba akifa, Jennie apewe macho yake. Mwishoni risasi zinamtoboa macho hayohayo. Yeye na Jennie wanatambaa wakitafutana, wanapishana. Waigaji wengi wa Woo walichukua njiwa, wakaogopa kumwadhibu muuaji wao kiasi hicho, nami naona hapo ndipo walipopungukiwa.