Haki ya Mwenzi Anayekwenda Kupasuliwa



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Dada mmoja wa Makutano, Meru, ametuletea suali. Sahibu yake, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huko bara, ameambiwa na madaktari kwamba ni lazima apasuliwe uvimbe wa kizazi. Mamake yuko Mombasa, takriban kilomita 700 kutoka Meru, naye ni mzee asiyeiweza safari. Baadhi ya wanawake wanamshauri aahirishe, eti akizidisha dua uvimbe utayeyuka wenyewe. Dada anauliza: rafiki mwenye imani afanye nini?

Jawabu letu ni kwamba amwombee Mungu kwa moyo wake wote, na papo hapo ashike kazi ambazo mama mzazi angezishika. Dini yetu haikutenganisha dua na huduma.

Kuhusu kuahirisha, Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabedui kama watafute dawa. Akawaamuru wajitibu, akawaeleza kwamba kila maradhi yana tiba isipokuwa uzee. Upasuaji nao si mgeni kwetu: Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba chenye sehemu 30, na ya mwisho akaitenga kwa upasuaji na kuvichora vyombo vyake.

Imepokewa pia habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akakoga, akafa. Mtume alipopata habari alighadhibika, akasema wao ndio waliomwua. Wale walikuwa wenzake, na nia zao hazikuwa mbaya. Basi kina mama, tuogope kutoa fatwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Ya kwanza ni damu. Hospitali huenda ikawataka jamaa watoe. Asiye na jamaa karibu, jamaa zake ni nyinyi. Mwenye afya na uzani wa kutosha aende mapema, wala asingoje siku yenyewe.

Ya pili ni kinywa cha mgonjwa. Twayajua mapenzi ya watu wetu: huyu huleta Zamzam, yule asali, yule tende. Mgonjwa akishakatazwa kula na kunywa, asionjeshwe hata tone bila idhini ya daktari. Dawa ya usingizi huulegeza mwili, na kilichomo tumboni chaweza kupanda kooni kikaingia mapafuni. Zamzam itangoja. Mwenye kutaka baraka asubuhi hiyo na amsomee Fatiha, Ikhlas, Falaq na Nas. Mgonjwa mwenyewe aweke mkono wake panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara 3 na ajikinge Kwake mara 7, kama Mtume alivyomfundisha Uthman bin Abil-As.

Ya tatu ni stara na siri. Muulizieni mapema kama yupo muuguzi wa kike, na kama anaweza kufunikwa nywele. Ikishindikana, dharura ina hukumu yake, wala mgonjwa hana dhambi. Na maradhi ya kizazi yasigeuzwe mazungumzo ya arusini. Mama aliye Mombasa apigiwe simu na mtu mmoja aliyekubaliwa, kabla na baada, ili asisikie habari nusunusu kwa watu.

Majirani wa Meru wasio Waislamu wakija kumjulia hali, wapokeeni kwa bashasha. Mtume alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia.

Kazi ya mwisho ndiyo husahauliwa. Akisharudi nyumbani watu hupungua, na yeye bado hawezi kuinua ndoo ya maji wala kubeba mtoto. Nani atapika? Nani atawapeleka watoto madrasa? Pangianeni zamu. Na akitaka kusali, akumbushwe kwamba asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Kuhusu kupaka maji juu ya bendeji na kutayamamu, amuulize mwalimu anayejua.

Twajua pia kwamba si kila dua hujibiwa kwa uzima. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alipigiwa hema msikitini Madina, na Mtume akawa anamzuru. Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke wa Madina, ndiye anayetajwa kuwa mwuguzi wake. Saad alifariki kwa jeraha lile, na hata hivyo Rufaida angali anatajwa kwa sifa hadi leo. Aliyewajibika kwa mwenziwe amekwishatimiza haki. Matokeo ni ya Mola.

Ewe Mola, mponye dada yetu huyu na wagonjwa wetu wote, uiongoze mikono ya madaktari, na uwatie nguvu wanaowahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.