Kabla ya kufunga traka kwenye mtumbwi wa mjomba

Simu iliyo mkononi mwako inajua ulikuwa wapi Ijumaa usiku. Inajua ulishuka Ukunda saa ngapi, boda ikakupeleka ufuo gani, na ukakaa huko hadi lini. Ilipokuuliza kama unakubali, ulibonyeza ndio bila kusoma, kwa sababu ulikuwa unatafuta gari na mvua inakaribia. Hatukulaumu, sote tuko hivyo.

Sasa mfikirie mjomba wako wa Msambweni. Yeye hutoka alfajiri na mtumbwi, mshipi na chambo. Wakati wa kusi habanduki ndani ya mwamba. Kaskazi ikiingia na bahari ikitulia, anajaribu nje kidogo. Ramani hana. Akitaka kurudi pale alipopata changu wa maana wiki jana, anaoanisha mnazi fulani na mnara wa msikiti, upande wa pili kona ya hoteli na jabali, na hapo ndipo anapotia nanga. Alama hizo alionyeshwa na babake na hamwambii kila mtu. Ndiyo akiba yake, hana nyingine.

Kifaa kidogo cha GPS kikifungwa kwenye mtumbwi huo, akiba hiyo inahamia kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mjadala wa traka za boti ndogo unaanzia hapo, na tunakuomba wewe unayesoma hii kwa simu uufuatilie angalau nusu ya vile unavyofuatilia uhamisho wa wachezaji wa Uingereza.

Maana hii kitu inakuja, upende usipende. Meli kubwa za kuvua jodari katika Bahari Hindi, zile za mita 24 na zaidi, zimelazimika kwa miaka mingi kubeba mtambo unaotuma mahali zilipo kwa setilaiti. Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya 2016 inaipa serikali nafasi ya kudai vifaa vya aina hiyo kwenye vyombo vya uvuvi. Wales ililazimisha boti za chini ya mita 12 mnamo Februari 2022. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 kwamba hata boti ndogo zifuatiliwe kuanzia 2028, na baadhi ya zile za chini ya mita 9 zinaweza kupewa muda hadi mwisho wa 2029. Usidhani ni mambo ya wazungu tu. Timor-Leste, nchi ndogo isiyo na pesa nyingi, na Zanzibar hapa jirani, zimeona vifaa vya sola visivyozidi ukubwa wa kiganja vikifungwa kwenye vyombo vya wavuvi wa kawaida ili ijulikane wanavua wapi. Pwani ya Kenya, yenye wavuvi wadogo zaidi ya elfu 12, haitabaki nje milele.

Na sababu nzuri zipo, tusijifanye hazipo. Leo samaki anahesabiwa akishafika bandarini, kwenye mizani. Alikotoka hakuna anayeandika. Kwa hivyo kila kukizuka ugomvi kati ya wenyeji wa Gazi au Vanga na mashua za ringneti kutoka Pemba, ni neno la huyu dhidi ya neno la yule. Kwenye mpaka ndiyo balaa zaidi. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wa bahari kwa barua za 1975 na 1976, lakini huko kwenye maji hakuna ua wala kibao. Mvuvi wa Vanga akisukumwa na mkondo usiku anaweza kujikuta upande wa pili akijieleza kwa askari wasiomjua. Kifaa kinachomwambia "rudi nyuma" kabla hajavuka kingemwokolea wavu na mashine.

Iko sababu nyingine inayosahaulika. Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi takriban 4,600 wa Lamu walipwe Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari ya LAPSSET. Fidia ya aina hiyo inahitaji mtu aonyeshe nani alikuwa anavua wapi kabla tingatinga halijafika. Sasa tazama kusini. Shimoni, Mamlaka ya Bandari ilianzisha ujenzi wa bandari ya uvuvi. Diani, hoteli zimejipanga ufuo mzima, na njia za wavuvi kufika majini, kama pale Mwaepe na Mvuleni, zimebaki vichochoro kati ya kuta. Mvuvi mwenye rekodi ya miaka mitano ya safari zake ana kitu cha kuweka mezani siku atakayoambiwa "hapa hapajawahi kuwa eneo la uvuvi".

Kwa hivyo sisi hatupingi traka. Tunachopinga ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na usalama, kwa sababu ndilo neno litakalotumika kuwashawishi wazee. Mtumbwi ukipinduka nje ya mwamba usiku wa kusi, traka itafanya nini? Nyingi za hizi za bei nafuu hurekodi mahali chombo kilipo, zikahifadhi, kisha zikatuma zikipata mtandao wa simu. Basi. Kitufe cha kuita msaada hazina. Chombo kikizama, kifaa kitaandika kwa uaminifu kilizama wapi, na familia itajulishwa keshoye. Hata kama kitufe kipo, nani anakiangalia saa tisa usiku? Boti ya kwenda kumchukua iko wapi, na ina mafuta? Kikosi cha Walinzi wa Pwani tulikipata 2018, lakini kutoka Vanga hadi Kiunga ni mbali, na wavuvi wengi wa mitumbwi hawana hata jaketi za kuokolea. Kuna kifaa cha kukufuata na kuna kifaa cha kukuokoa. Mtu akikuletea cha kwanza huku akitamka jina la cha pili, mwambie pole pole bosi.

Halafu pesa. Kama hukumbuki vidhibiti mwendo vya matatu, muulize kondakta yeyote wa umri wa babako. Kanuni za Michuki za 2004 zilikuwa na nia safi kabisa, na ziliokoa watu. Lakini vidhibiti vyenyewe viligeuka biashara: vingine feki, vingine vimechezewa, na mwenye gari akitoa hela kila kanuni inapobadilika. England, ambako serikali inasaidia kulipia, baadhi ya vifaa vya boti ndogo vilinyimwa idhini vikiwa tayari vimefungwa, na wavuvi wakalazimika kuanza upya. Ikiwa huko ilikuwa hivyo, mwenye hori la Munje anayelala bila kitu siku upepo ukikataa atafanyaje? Atakayelipia bando ni nani? Betri ikifa Jumamosi na afisa yuko Kwale mjini hadi Jumatatu, mvuvi atakaa nyumbani au atatoka na kuwa mhalifu? Haya maswali yanaonekana madogo ukiwa ofisini. Bandarini ndiyo chakula cha jioni.

Ila jambo linalotukosesha usingizi ni ramani.

Mwaka 1995 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale. Wavuvi wa Diani waliikataa. Walikuwa wametazama Kisite, mkabala wa Wasini, ambako hairuhusiwi kuvua hata kidogo, wakaona mstari ukichorwa juu ya maji yao na watu ambao hawajawahi kushika kafi. Hifadhi ikabaki kwenye karatasi kwa miaka na miaka. Wengine husema wazee walikuwa wakaidi na matumbawe yameumia kwa ukaidi huo, na hoja hiyo ina uzito, hatuifukuzi. Lakini jambo walilolihofia lilikuwa la kweli: anayechora ramani ndiye anayeamua nani atoke. Ukimpelekea mzee wa kizazi kile kifaa kinachochora ramani hiyo kila siku, bila yeye kuiona, unategemea atapiga makofi?

Na ramani ya traka itakuwa na mashimo. Traka inafungwa kwenye chombo. Mama anayeshuka mwambani maji yakitoka wakati wa bamvua, na kijiti chake cha pweza, hana chombo. Vijana wanaovua kwa miguu ndani ya wangwa hawana chombo. Hao ni wengi Kwale. Baada ya miaka mitatu ya data, mtaalamu atafungua kompyuta, aone nukta nyingi nje ya mwamba na weupe mtupu karibu na ufuo, kisha aandike kwamba karibu na ufuo hakuna shughuli za uvuvi. Aliye na mpango wa gati la kifahari atausoma ukurasa huo kwa furaha sana.

Ndiyo maana tunasema mambo yafuatane kwa mpangilio tofauti. Waanze na mashua kubwa za injini na ringneti, ambazo ndizo zinazosafiri mbali na kuzua ugomvi. Mtumbwi unaovua mita 300 kutoka ufuoni, ambao mtalii anauona akiwa kitandani chake cha jua, usubiri. Serikali ilipie kifaa, bando na ukarabati, iandikwe, isiahidiwe mkutanoni. Kwa mwaka wa kwanza au miwili, data isitumike kumshtaki mtu yeyote wa chombo kidogo. Na ramani ifike kwanza kwa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kila bandari, ikiwa imebandikwa ukutani pale penye mizani, ili wazee waone kilichorekodiwa na waongeze kilichokosekana, wale wa miguu wakiwemo. Mvuvi akitaka safari zake mwenyewe zichapishwe apewe, bila kuandika barua kumi.

Hili la mwisho wala si hisani. Mahali alipo mtu anayejulikana kwa jina ni data yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kujua inatumiwaje, kuiona, na kuipinga. Haki hiyo ni yako wewe na simu yako, na ni ya mjomba na mtumbwi wake vilevile. Tofauti ni kwamba wewe umesikia habari za sheria hiyo.

Hapo ndipo kazi yako inapoingia, na hatuzungumzii kuweka alama ya reli mtandaoni. Kanuni kama hizi zikija, Katiba inataka wananchi washirikishwe. Tangazo litatoka gazetini na kwenye tovuti, kwa Kiingereza cha mawakili, likitoa siku chache za kutuma maoni kwa baruapepe. Nani Mkunguni anaamka kusoma tangazo hilo? Wewe ndiye utakayeliona, uko Nairobi au Likoni, kwenye simu. Lipakue. Lisome hadi mwisho kwa mara moja maishani, halafu mpigie mjomba umsomee kwa Kiswahili au Kidigo vile vipengele vitatu: nani analipa, nani anaona, na adhabu ni nini kifaa kikizima. Mwulize na yeye anasemaje. Atakuwa na maswali ambayo hata sisi hapa hatujayafikiria, kwa mfano traka itafungwa wapi kwenye mtumbwi unaopinduliwa mchangani kila jioni. Yaandike kama alivyoyasema, na jina la bandari yake, na uyatume kabla siku hazijaisha.

Likizo ijayo ukishuka Diani, pitia Mwaepe asubuhi vyombo vikirudi. Wakati unanunua tafi wako, uliza kama kuna aliyewahi kuja na vifaa hivyo, na aliwaambia ni vya nini.