Kabla ya kununua guta la mlimani, piga hesabu ya kilima

Wafanyabiashara wengi wanaotaka chombo kidogo cha mizigo huuliza mambo matatu: bei, cc na ulaji wa mafuta. Swali la nne, ambalo kwa mtu wa milimani lingepaswa kuwa la kwanza, haliulizwi: je, injini hii itapandisha mzigo wangu kwa mwendo gani? Maoni ya safu hii ni kwamba asiyejibu swali hilo kabla ya kulipa atalijibu baadaye kwa marejesho ya mkopo.

Tuchukue mfano wa barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga. Ni kilomita zipatazo 33, na kutoka chini hadi juu chombo hupanda zaidi ya mita 900. Ukigawanya unapata wastani wa mwinuko wa karibu asilimia 3, na mnunuzi hufarijika. Lakini wastani haubebi mzigo. Saruji na mbolea haziishii barabara kuu. Huingia njia za vijijini zenye vipande vya asilimia 10 na zaidi. Biashara hupimwa kwenye vipande hivyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha uzito wote kwa kilo, mara asilimia ya mwinuko, mara kilomita kwa saa, kisha gawa kwa 27,000. Jibu ni nguvu farasi zinazotakiwa kwenye gurudumu. Kabla ya kuzidisha, ongeza asilimia 2 kwenye mwinuko kwa ajili ya uzito wa matairi kuviringika juu ya lami, au 5 kwa njia mbovu ya udongo.

Tuseme guta lina kilo 350, dereva na utingo kilo 150, na mifuko 10 ya saruji kilo 500. Jumla ni kilo 1,000. Mwinuko ni asilimia 10, barabara ni ya lami, kwa hiyo tunatumia 12. Mwenye mali anataka mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Jibu ni zaidi ya farasi 13 gurudumuni.

Sasa tazama anachonunua. Tuseme injini yake ya cc 200 inatoa farasi 10, na hizo ni za kwenye karatasi. Gia, mnyororo na ekseli hula sehemu yao, tuseme moja ya tano. Hewa nyepesi ya juu nayo hupunguza: kila mita 1,000 juu ya bahari, injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi. Kwenye mita 1,400 za Lushoto zinabaki takriban farasi 7. Ukirudisha hesabu nyuma, guta litapanda kwa kilomita 16 kwa saa kwenye lami, na 13 kwenye udongo.

Hapo ndipo fedha inapopotea. Kilomita 4 za mlima wa udongo, zilizohesabiwa kuwa dakika 8, zinachukua 18. Kwa safari sita kwa siku, saa nzima imeliwa, na injini imeunguruma kwa nguvu zake zote muda wote huo. Safari zinapungua, mafuta yanaongezeka, klachi inaungua. Marejesho ya mkopo hayabadiliki.

Wapo watakaosema kwamba dereva mzoefu hupima mlima kwa sikio. Ni kweli, lakini sikio hilo hulipatia somo kwenye chombo ambacho tayari kimenunuliwa. Wengine watasema gia ya kwanza ikiwa nzito chombo kitapanda tu. Nayo ni kweli: gia nzuri humwezesha mnyonge kupanda, ila haimfanyi apande haraka. Mwendo hutokana na farasi, na farasi hazitengenezwi na gia.

Mwinuko unaweza kuupima mwenyewe. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja chini kuelekea juu ya mlima, inua nyingine hadi ubao ulale sawa, kisha pima nafasi iliyobaki chini yake. Sentimita 10 ni asilimia 10. Pima pale pakali kuliko pote.

Kwa wauzaji, ushauri wetu ni kuandika nguvu farasi na uzito mtupu wa chombo pamoja na bei. Kwa wakopeshaji, jaribio moja la kupanda mlima na mzigo kamili lingefaa kuliko kurasa nyingi za fomu. Na kwa mnunuzi: kama hesabu inakataa, punguza mifuko, panga safari chache zaidi kwenye bajeti yako, au subiri upate fedha za injini kubwa.

Usisahau pia kwamba kilichopanda kitashuka. Kabichi na viazi vya Lushoto huteremka vikiwa na uzito uleule, na safari hiyo inaziangukia breki. Injini dhaifu hukuchelewesha; breki dhaifu hazikupi nafasi ya kupiga hesabu tena.